Baiskeli Nzima, Njia Nusu

Mtazame muuza samaki anayetoka soko la Feri, Dar es Salaam, asubuhi, jua halijawa kali. Baiskeli yake ni nyeusi, fremu ya chuma kizito, ya mtindo ule ambao Wakenya huuita Black Mamba na sisi huuita Phoenix hata kama imetoka kiwanda kingine kabisa cha India. Magurudumu ni ya inchi 28. Nyuma kuna keria ya nondo iliyochomelewa na fundi wa mtaani, na juu yake tenga limekazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Madigadi yapo mbele na nyuma. Stendi ni ya miguu miwili, ile inayoinua gurudumu la nyuma likabaki hewani, ili chombo kisianguke mteja anapochagua vibua. Gia ni moja. Mwenyewe ameketi wima, kichwa kiko juu ya paa la gari dogo, kwa hiyo anaona mbele kuliko dereva aliye ubavuni mwake. Kasi yake haifiki kilomita 15 kwa saa. Katikati ya jiji, magari yakiwa yamesimama bampa kwa bampa, kasi hiyo inatosha na kuzidi.

Watu wa kipato cha kati wakizungumzia kuacha gari nyumbani na kwenda kazini kwa baiskeli, huyu hawamfikirii. Wanamfikiria Mzungu wa Amsterdam, au kundi la Jumamosi linalozunguka Masaki na Oysterbay kwa helmeti za rangi na kaptula za kubana. Kisha wanaingia dukani na kutoka na baiskeli ya mlimani: tairi zenye meno, gia 21, shokapu mbele, hakuna madigadi, hakuna keria, hakuna taa. Wiki ya kwanza ni furaha. Mvua ikinyesha, tope linachora mstari mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Halafu cheni inatafuna pindo la suruali ya kazini. Mkoba wa kompyuta hauna pa kukaa ila mgongoni, na mgongo ukishafunikwa ndipo jasho linapoanza. Mwezi haujaisha, baiskeli iko stoo nyuma ya jenereta, na mwenyewe anaapa kwamba Dar es Salaam si mji wa baiskeli.

Mtu huyo hajawahi kuipanda baiskeli ya mjini. Alinunua chombo cha michezo akakipa kazi ya usafiri, na chombo kikamgomea. Gari huuzwa likiwa na taa, vifuta mvua, buti na kufuli, na hakuna anayeuliza kama vitu hivyo ni vya ziada. Baiskeli inayotaka kuchukua nafasi ya gari nayo lazima iwe imekamilika hivyo: ibebe mzigo, ivumilie mvua, ionekane usiku, isimame yenyewe, na imfikishe mtu akiwa bado anafaa kuingia ofisini. Halafu iwe na njia iliyokamilika na mahali pa kulazwa. Ukitoa kimojawapo katika hivyo vitatu, vingine viwili havina kazi.

Nianze na chombo, kwa sababu wenzangu wengi hukimbilia barabara na kuliruka hili.

Umbo la baiskeli tunalolijua lilitulia mapema. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na cheni inayovuta gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa Belfast, akapata hataza ya tairi la upepo. Miaka michache baadaye viwanda kama Raleigh cha Nottingham vilikuwa vinatengeneza chombo ambacho muuza samaki wetu angekitambua mara moja. Watu hukiona cha kizamani. Wanasahau kwamba barabara za Uingereza za wakati ule zilikuwa za kokoto na vumbi, lami ilikuwa bado. Ndiyo maana gurudumu ni kubwa, lipite juu ya shimo badala ya kutumbukia humo. Ndiyo maana uma wa mbele umelala, ukinyonya mtikisiko kabla haujafika mikononi, na kiti kina springi. Shokapu za baiskeli ya bei rahisi hufanya kazi hiyo hiyo vibaya zaidi, na juu yake hunyonya nguvu za miguu kila unapokanyaga pedali.

Chombo hicho kilitufikia kwa njia nyingi: Raleigh za enzi za mkoloni, Phoenix na Forever za Shanghai, Hero na Avon za India. Tanzania tuliwahi kuwa na yetu, Swala, iliyotoka kiwanda cha NABICO hapa hapa Dar es Salaam. Waliokuwa na umri wa kutumwa dukani miaka ya 1980 wanaikumbuka, na wengine bado wana kovu la goti la kuthibitisha.

Lakini anayetoka kwenye gari leo simshauri aanze na Phoenix. Namshauri aende kwenye mitumba ya Japani. Huko Japani kuna baiskeli wanayoiita mamachari, chombo cha mama wa nyumbani anayempeleka mtoto shule na kurudi na mboga za jioni. Nyingi zimeingia Afrika Mashariki kama mitumba, na ukipita kwa wauzaji utazitambua kwa kikapu cha waya mbele na fremu iliyoinama katikati kama mgongo wa jahazi. Hebu tuiangalie moja kwa karibu. Bomba la juu halipo, kwa hiyo aliyevaa sketi, dera au kanzu anapanda na kushuka bila kuinua mguu mbele za watu. Cheni imefunikwa. Gurudumu la nyuma lina kufuli la duara lililofungwa kwenye fremu: unasukuma kitasa, chuma kinapita katikati ya spoki, unachomoa ufunguo, unaingia dukani. Taa inawashwa na dinamo, haina betri ya kusahau kuchaji. Usukani umerudi nyuma kukufuata, hivyo mgongo unabaki wima na viganja havibebi uzito wa mwili.

Kwa mwanamke anayevaa buibui au kanga kuna kitu kimoja zaidi cha kuongeza, na fundi yeyote anakiweza: wavu upande wa juu wa gurudumu la nyuma, kutoka kwenye madigadi hadi kwenye habu, ili nguo isivutwe na spoki. Waholanzi wanauweka kiwandani ili kulinda makoti yao marefu. Nimeona kwetu ukisukwa kwa kamba ya nailoni, na unafanya kazi vizuri tu. Tunalalamika kwamba wanawake hawaendeshi baiskeli mijini, tunataja mila na macho ya watu, na hayo ni kweli. Lakini ni wangapi waliowahi kuletewa baiskeli inayokubaliana na nguo wanazovaa?

Phoenix ina mapungufu yake, nisije nikaonekana mpiga debe. Breki zake za fito, zile zinazovuta vipande vya mpira kugusa upande wa ndani wa rimu, ni mbovu wakati wa mvua, kwa sababu rimu ya chuma iliyong'arishwa ikilowa inateleza. Kwenye masika, anza kubana mapema kuliko unavyodhani, au fungia gurudumu la nyuma breki ya ngoma. Kosa la pili ni uzito wa gia. Sahani ya mbele ya meno 44 ikivuta ya nyuma ya meno 18, kila mzunguko wa pedali unakusogeza zaidi ya mita 5. Kwenye tambarare bila mzigo ni raha. Ukianza kuondoka kwenye mataa na gunia la mchele nyuma, magoti yanalia. Mwambie fundi akufungie ya nyuma ya meno 22. Mita zinapungua hadi nne na nusu hivi, na mji mzima unageuka kuwa rahisi. Hakuna gharama ndogo kuliko hiyo inayobadilisha baiskeli kiasi hicho. Anayeishi kwenye kilima, kwa mfano Kimara au sehemu za Pugu, atafute yenye gia tatu za ndani ya habu, zisizoshikwa na mchanga wala kuhitaji kurekebishwa kila wiki. Mamachari nyingi zinazo tayari.

Turudi barabarani. Safari ya kilomita 5, kwa mwendo wa pole wa kilomita 15 kwa saa, ni dakika 20. Humo mnaingia safari nyingi tunazowashia gari: kumpeleka mtoto shule, kwenda benki, sokoni, saluni, msikitini, kanisani, kwenye kikao cha harusi mtaa wa tatu. Sinza hadi Mlimani City haifiki umbali huo. Kinondoni hadi Posta inaukaribia. Dakika hizo 20 hazibadiliki, iwe saa nne asubuhi au Ijumaa jioni mvua imenyesha, na hiyo ndiyo sifa ya baiskeli ambayo wenye magari huielewa wakishaionja. Dereva wa Dar es Salaam hawezi kukuahidi atafika saa ngapi.

Kuna hesabu ya nafasi pia. Chama cha maofisa usafiri wa miji ya Marekani, NACTO, katika miongozo yake kinakadiria kwamba njia moja ya barabara yenye magari binafsi hupitisha watu kati ya 600 na 1,600 kwa saa, na kwamba upana kama huo ukiwa njia ya baiskeli iliyotengwa, ya kwenda na kurudi, hupitisha hadi 7,500. Basi kwenye njia yake maalumu linaweza kushindana na idadi hiyo. Kwa hiyo anayeiweka baiskeli dhidi ya Mwendokasi, mabasi yetu yaendayo haraka, amekosea mpinzani. Vyote viwili vinagombea nafasi na gari la mtu mmoja, lenye uzito wa zaidi ya tani moja, linalombeba mtu wa kilo 70 na bahasha.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wa masuala haya hulikwepa. Wengi wa wakazi wa miji yetu hawana gari la kuacha. Wanatembea kwa miguu au wanabanana kwenye daladala. Nikisema baiskeli ichukue nafasi ya gari, ninazungumza na kundi dogo linalojaza barabara kubwa. Kwa wengine mshindani wa baiskeli ni bodaboda. Jina lenyewe lilizaliwa na baiskeli: miaka ya 1960, mpakani Busia, vijana walibeba abiria na magendo kwenye keria kati ya Kenya na Uganda, kutoka boda hadi boda. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Kenya ikaziondolea kodi ya VAT pikipiki ndogo, zile za chini ya cc 250, na pikipiki za India na China zikafurika eneo zima. Baiskeli ya abiria ikasukumwa pembeni. Shinyanga na Kahama bado ilishika, na abiria wake waliiita daladala bila kutabasamu. Dar es Salaam imebaki na kazi ya mizigo: maji, mkate, samaki, mnoa visu na jiwe lake, na guta za magurudumu matatu zinazohama nyumba ya mtu kwa safari mbili.

Kwa nini pikipiki ilishinda? Kasi, ndiyo, na vilima. Lakini zaidi ya hapo ilishinda kwa sababu inaweza kujitetea kwenye barabara isiyo na nafasi yake. Inakimbia sambamba na magari, inapanda ukingo, inapita kwenye upenyo. Baiskeli haiwezi kujitetea, inahitaji kulindwa. Jiji lisipoilinda, soko linaihukumu, halafu watu wanasema hukumu ilikuwa ya haki.

Kabla ya njia, niseme juu ya jasho, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Sevilla, kusini mwa Hispania, joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Mwaka 2006 baiskeli mjini humo ilikuwa kitu cha kutafuta kwa tochi, nusu asilimia hivi ya safari. Jiji likajenga mtandao wa kilomita 80 za njia zilizotengwa kwa mkupuo, katika muda usiofika miaka miwili, kisha likaendelea hadi kama 120. Nafasi karibu 5,000 za kuegesha magari barabarani ziliondolewa kuipisha. Katika miaka michache sehemu ya safari zinazofanywa kwa baiskeli ilipanda hadi asilimia 6 au 7. Joto halikupungua hata nyuzi moja. Kilichobadilika ni kwamba watu waliweza kwenda polepole bila kuogopa, na anayekwenda polepole hatoki jasho sana, kwa sababu upepo wa mwendo wake mwenyewe unamkausha. Anayekimbia ili asigongwe ndiye anayefika amelowa. Jasho letu la barabarani kwa sehemu kubwa ni jasho la hofu. Lingine ni la kukosa kivuli: kila barabara inapopanuliwa, miti ndiyo inayotangulia kwenda.

Sasa njia. Dar es Salaam si jangwa katika hili. Awamu ya kwanza ya Mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria Mei 2016 kwenye Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ina urefu wa kilomita 21 hivi, na wahandisi waliiwekea njia za waenda kwa miguu na za baiskeli ubavuni. Mwaka 2018 jiji likawa la kwanza Afrika kupata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya kimataifa. Watu wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, walikuwa wameshalipigania jambo hili kwa misafara na vikao miaka mingi.

Panda baiskeli upite humo uone. Vipande vinakwenda vizuri, sakafu nzuri, ukingo umeinuka. Kisha linakuja geti la kituo cha mafuta na njia inakatwa. Linakuja genge la nguo za mitumba. Inakuja bodaboda kwa kasi kutoka mbele yako, upande usio wake, kwa sababu huku hakuna foleni. Unafika kwenye makutano, mahali pale hasa unapohitaji kulindwa, na njia inatoweka. Upande wa pili inazaliwa upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ukitaka kuiacha Barabara ya Morogoro kuingia Sinza, Manzese au Magomeni ndani, hakuna njia ya kukupokea.

Simlaumu mmachinga. Ameona sakafu iliyonyooka na tupu mbele ya wapita njia elfu kadhaa, na amefanya alichofanya mfanyabiashara yeyote mwenye akili. Njia tupu mjini haikai tupu. Swali ni kwa nini ilikuwa tupu, na jibu lake walishalipata Waholanzi zamani, kwa pesa yao.

Uholanzi haikuzaliwa na njia nyekundu za baiskeli. Baada ya vita watu walinunua magari kama wengine, viwanja vya katikati ya miji vikawa maegesho, na baiskeli ikaporomoka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300 katika nchi hiyo ndogo, zaidi ya 400 kati yao watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika makala kali mwaka 1972 katika gazeti la De Tijd, na kichwa chake, kilichodai mauaji ya watoto yakomeshwe, kikawa jina la vuguvugu la wazazi waliokaa barabarani kuzuia magari. Mwaka uliofuata Waarabu wakafunga mafuta, na kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 Uholanzi ikawa na Jumapili bila magari. Watu wakaziona barabara zao zikiwa kimya. Chama cha waendesha baiskeli, Fietsersbond, kikaundwa 1975.

Serikali ikajaribu, na jaribio la kwanza lilifanana na letu. Katikati ya miaka ya 1970 miji ya Tilburg na The Hague ilijengewa njia moja moja, ndefu, pana, nzuri, za mfano. Watathmini walipohesabu waligundua kwamba baiskeli ziliongezeka kwenye njia hizo, lakini nyingi zilikuwa zimehama tu kutoka mitaa ya jirani. Watu wa kuacha gari hawakuonekana. Miaka ya 1980 mji wa Delft ukafanya tofauti: ukajenga mtandao. Ukawa na njia kuu zinazopita mji mzima, zikiachana mita 400 hadi 600. Za kati kila mita 200 hadi 300. Na za mitaani kila mita 100 hadi 150, za mtoto kufika shule ya jirani. Mengi yalikuwa mambo madogo: kivuko hapa, daraja fupi pale, kichochoro kilichofunguliwa. Safari za baiskeli zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 43. Inaonekana kidogo hadi ukumbuke ni wakati ambao watu walikuwa wanazidi kununua magari.

Kwa macho hayo, kilomita 21 za Mwendokasi ni Tilburg yetu. Ni njia nzuri inayotoka mahali wachache wanapoanzia safari na kuishia mahali wachache wanapozimalizia, kwa sababu safari ya mtu huanzia mlangoni kwake. Na habari njema ni kwamba mtandao wa ndani hautaki fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Mitaa ya Sinza, Kijitonyama, Magomeni na Ilala ipo, imenyooka, na mingi haina magari mengi. Inachotaka ni matuta yaliyojengwa vizuri ili kasi isizidi kilomita 30, mifuniko ya mitaro isiyoachwa wazi, na vivuko vyenye kisiwa katikati pale mitaa hiyo inapokata barabara kubwa. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwenye makazi. Kwa 50, anayegongwa ana uwezekano mkubwa wa kufa kuliko kwa 30, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inayoletwa na helmeti. Vaa helmeti ukipenda, sina ugomvi nayo, ila usimruhusu mhandisi akuambie ndiyo mpango wa usalama wa jiji.

Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini mwaka 2015, iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara za kaunti kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Miaka 7 baadaye, kilichofunguliwa kwa shangwe ni barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, ya magari. Bujumbura ilikwenda kinyume kabisa: Machi 2022 mamlaka ziliziondoa katikati ya jiji pikipiki, bajaji na baiskeli kwa pamoja, chombo kisicho na injini kikiadhibiwa kwa makosa ya chenye injini. Kigali tangu 2016 inafunga baadhi ya barabara Jumapili fulani kwa ajili ya mazoezi, jambo zuri, ila mazoezi ya Jumapili ni jambo moja na kwenda kazini Jumatatu ni jingine.

Mimi ningeanza na maegesho, kwa sababu ndiko pesa kidogo inakofanya kazi kubwa. Mtu wa Mbezi hatapanda baiskeli hadi Posta, na hana sababu ya kufanya hivyo. Lakini kutoka nyumbani hadi kituo cha Kimara ni kilomita chache anazolipia bodaboda asubuhi na jioni, kila siku ya kazi. Uholanzi karibu nusu ya abiria wa treni hufika stesheni kwa baiskeli, na chini ya stesheni kuu ya Utrecht kuna banda la baiskeli 12,500, lililokamilika 2019. Sisi hatuhitaji la ukubwa huo. Tunahitaji banda la mabati lenye vyuma vya kufungia, lango moja, mlinzi mwenye vibandiko viwili vyenye namba, kimoja kwenye usukani na kingine mkononi mwa mwenye baiskeli, kama wanavyofanya walinzi wa pikipiki kwenye masoko. Mahali pa gari moja panakaa baiskeli kama 10. Mpe fundi kona ya banda, na beseni lake la maji la kutafutia pancha, msasa, gundi na viraka, asilipishwe kodi, kwa sharti kwamba asubuhi aangalie upepo wa tairi. Mteja anaiacha na pancha saa kumi na mbili na nusu, anaikuta imezibwa jioni.

Nimewahi kulipendekeza hili kwenye kikao, nikaulizwa nani atalipia mlinzi. Katika kikao hicho hicho, dakika chache kabla, ilikuwa imepitishwa bila swali bajeti ya kupanua sehemu ya kuegesha magari ya wajumbe.

Njia mpya za Mwendokasi zinakuja na vituo vyake vikuu, na kila kimoja kinachorwa mara moja tu. Mahali pa banda pasipotengwa kwenye mchoro, baadaye patakuwa pa mama lishe, kisha pa bajaji, kisha pa kesi mahakamani. Anayetaka kulisemea hili aende kwa wachoraji sasa, na ajue vipimo: sentimita 60 kwa baiskeli moja upana, mita 2 urefu, na paa lisilovuja.